Farasi Alikuwa wa Nani?

Mwaka 1827 mchoraji wa Delhi aitwaye Ghulam Ali Khan alichora picha ya kanali mmoja akiwa barazani na watu wake. Picha hiyo leo imehifadhiwa London, katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi. Kanali ameketi na mwanawe, wamezungukwa na maofisa wa Kihindi waliovaa makoti marefu ya njano, na kijana mmoja anapokewa kuingia kikosini. Ukiitazama bila kuambiwa ni picha ya jeshi, utadhani ni wazee wa ukoo wanaomsikiliza mtu aliyekuja kuomba undugu.

Kanali huyo ni James Skinner. Kikosi chake, Risala ya Skinner, ni miongoni mwa vikosi vya wapanda farasi vilivyodumu muda mrefu zaidi katika jeshi la kikoloni la India, na bado kipo hadi leo. (Msomaji wa Kiswahili asishangae: kwetu risala ni hotuba ya kumsomea mgeni rasmi, lakini kwa Kihindustani ni kikosi cha farasi.) Habari zake zimeandikwa sana, na karibu zote zimeandikwa kwa mtindo mmoja: kilipigana wapi, nani alikiongoza, kilipewa nishani gani. Mimi naona mtindo huo unaliacha nje jambo lenyewe. Anayetaka kuelewa kwa nini watu hawa walipigana, kwa nini baadhi ya wenzao waliasi, na kwa nini jeshi la namna yao lilikufa, aulize kwanza farasi alikuwa wa nani.

Tuanze na mtu mwenyewe. Skinner alizaliwa Calcutta mwaka 1778. Baba yake, Hercules Skinner, alikuwa Mskoti, ofisa katika jeshi la Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Kiingereza iliyokuja kuitawala India. Mama yake alikuwa Mrajput, wa jamii ya wapiganaji wa kaskazini mwa India, binti wa mwenye ardhi. Katika miaka ya 1790 Kampuni iliweka amri kwamba mtu mwenye mzazi mmoja Mhindi asipewe uofisa katika jeshi lake. Kijana akapelekwa kwa mpiga chapa ajifunze kazi. Hakumaliza hata wiki, akatoroka. Mwishowe akapata nafasi kwa Sindhia, mmoja wa watawala wakubwa wa Wamaratha, ambaye jeshi lake lilikuwa limefundishwa na Benoît de Boigne wa Savoy. Kwa maneno mengine, mtoto wa ofisa wa Kampuni alijifunza vita upande wa wapinzani wa Kampuni, kwa sababu Kampuni ilimwona chotara.

Mwaka 1800, katika mapigano ya Uniara, alipigwa risasi akaachwa uwanjani miongoni mwa maiti na majeruhi. Alilala hapo mpaka mwanamke mmoja wa tabaka la chini kabisa alipopita na kuwagawia majeruhi mkate na maji. Skinner alipokea. Mrajput mmoja aliyekuwa amelala karibu naye, naye amejeruhiwa vibaya, alikataa, kwa kuwa chakula kutoka mkono wa mwanamke yule kingemvunjia tabaka lake. Skinner mwenyewe ndiye aliyesimulia tukio hili baadaye, na aliweka nadhiri palepale kwamba akipona atajenga kanisa. Alilijenga: Kanisa la Mtakatifu James, karibu na Lango la Kashmiri mjini Delhi, lililowekwa wakfu mwaka 1836. Mimi humfikiria zaidi yule mwanamke, ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Mwaka 1803 vita vikazuka kati ya Kampuni na Wamaratha. Jenerali Perron, Mfaransa aliyekuwa akiliongoza jeshi la Sindhia wakati huo, aliwafukuza maofisa wote wenye damu ya Kiingereza. Skinner akajikuta hana pa kwenda: huku anakataliwa kwa damu ya mama, kule anafukuzwa kwa damu ya baba. Kisha Jenerali Lake wa Kampuni akashinda vita vya Delhi mwezi Septemba, na kundi kubwa la wapanda farasi wa Perron likavuka upande wake. Walipoulizwa wanamtaka nani awaongoze, wakamtaja Sikandar Sahib. Sikandar ni Iskandar, jina la yule mfalme wa Makedonia, na kwa ulimi wa Kihindustani lilikuwa karibu sana na Skinner. Askari ndio waliomchagua kamanda.

Skinner alikubali kwa sharti moja: asipelekwe kupigana na Sindhia, bwana wake wa zamani. Kwa Kihindustani sharti hilo lina jina. Mtu akila chumvi ya bwana, basi akiwa mwaminifu huitwa namak halal, na akimgeuka ni namak haram. Maneno halali na haramu tunayo sisi pia, ila chumvi yetu ina maana nyingine. Aliyekula chumvi nyingi kwetu ni mzee. Kwao chumvi ilikuwa mkataba, na wanaume waliomfuata Skinner waliona kwamba mtu anayekataa kumpiga bwana aliyemlisha jana anaweza kuaminiwa kesho.

Makoti yao ya njano nayo yana kisa. Warajput walikuwa na desturi ya kuvaa rangi ya zafarani wanapokwenda vitani bila nia ya kurudi isipokuwa kwa ushindi. Waingereza waliwaita vijana wa njano, wakaona ni rangi tu ya kupendeza. Waliovaa walijua ni nguo za kifo. Na kaulimbiu yao ilikuwa *Himmat-i-mardan, madad-i-khuda*: ushujaa wa wanaume, msaada wa Mungu. Himmat hiyo ni ndugu wa hima yetu, zote zimetoka kwenye Kiarabu kilekile.

Sasa farasi. Kikosi cha Skinner kiliendeshwa kwa utaratibu wa silahdari, uliokuwepo India kabla ya Waingereza. Silahdar ni mwenye silaha, na nusu ya kwanza ya neno hilo haihitaji tafsiri. Askari alikuja na farasi wake, tandiko lake, upanga wake, mkuki wake, nguo zake. Serikali ilimpa mshahara, na katika miongo iliyotangulia 1857 mshahara huo ulikuwa kama rupia 20 kwa mwezi. Kutoka humo alikula yeye, alikula farasi, na alimlipa mkata majani, ambaye mara nyingi askari wawili walichangiana pamoja na punda au farasi mdogo wa kubeba mizigo.

Nafasi ya kuingia kikosini iliitwa asami, nayo ilikuwa mali. Ilinunuliwa, iliuzwa, mtoto aliweza kuirithi. Mtu mwenye uwezo aliweza kumiliki asami kadhaa na kuweka jamaa zake juu ya farasi wake. Yule anayempanda farasi wa mwenzake aliitwa bargir. Kila anayejua biashara ya bodaboda atamwelewa bargir mara moja. Kuna mwenye pikipiki yake, jioni anahesabu pesa zake. Na kuna anayeendesha pikipiki ya tajiri, ambaye hesabu ya kila siku lazima ipelekwe kwanza, chake ni kinachobaki. Wote wawili wamekaa kijiweni pamoja na abiria hawezi kuwatofautisha. Wao wenyewe wanajua.

Na farasi akifa? Hapo ndipo palipokuwa na hofu kubwa ya silahdar. Farasi aliyekufa kwa tumbo usiku mmoja alikuwa amebeba akiba ya familia nzima. Kwa hiyo vikosi vilikuwa na mfuko ambao kila askari alikatwa kidogo katika mshahara, na aliyepoteza farasi alisaidiwa kununua mwingine. Ni kitu kilekile tunachokiita cha kufa na kuzikana, isipokuwa maiti ni farasi. Hata hivyo wengi waliishi na madeni kwa wakopeshaji, na wapo makamanda waliolalamika kwamba askari anamhurumia mnyama wake mno, hataki kumchosha. Mimi siwalaumu hata kidogo.

Utaratibu huu ulizaa jeshi la aina yake. Katika vikosi vya kawaida vya Kampuni, farasi walikuwa wa Kampuni na kila kikosi kilijaa maofisa wa Kizungu. Katika vikosi kama cha Skinner, Wazungu walikuwa watatu tu na daktari. Amri za kila siku zilitoka kwa maofisa wa Kihindi: risaldar, aliye juu, na jemadar. Neno hili la mwisho lilifika kwetu na askari wa Kibulushi waliowatumikia masultani wa Unguja na kukaa Ngome ya Yesu, Mombasa. Huko India jemadar alikuwa ngazi ya chini kabisa ya maofisa wa Kihindi. Kwenye Kiswahili akapanda mpaka jemadari akawa mkuu wa majeshi. Nadhani waliotupatia neno walikuwa wameona kitu cha kweli, mtu mweusi au wa kahawia anayetoa amri na amri ikafuatwa.

Kisha ukaja mwaka 1857, na hapa ndipo swali langu linapopata uzito. Uasi ulianzia Meerut, katika kikosi cha tatu cha wapanda farasi wa kawaida, wale wa farasi wa Kampuni. Tarehe 24 Aprili, askari 85 kati ya 90 waliokuwa kwenye gwaride walikataa risasi zilizosemekana kupakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Tarehe 9 Mei walifungwa pingu za miguu mbele ya wenzao wote, na kesho yake Meerut ikawaka. Vikosi vya wapanda farasi wa kawaida wa Bengal vilikuwa 10. Kufikia mwisho wa vita hakikubaki hata kimoja: ama kiliasi, ama kilinyang'anywa silaha na kuvunjwa. Vile vya silahdari vilikuwa 18, na 8 vilivuka salama. Cha Skinner, kilichokuwa Multan, mji ulioko Pakistani ya leo, kilikuwa kimojawapo, na jeshi lilipopangwa upya mwaka 1861 kikapewa namba ya kwanza.

Nane kati ya 18 si wingi wa kushangilia. Vikosi 10 vya watu wenye farasi wao navyo vilianguka, na waliomo walikuwa na mashamba, madeni na dini kama wengine. Sisemi kwamba mali inanunua utii. Ninachosema ni kwamba silahdar aliyeasi aliiacha asami yake, akiba ya baba yake, na heshima aliyokwisha kuijenga kwa risaldar anayemjua mpaka kwao. Yule wa Meerut alikuwa na nini cha kupoteza? Farasi hakuwa wake, tandiko halikuwa lake, na aliyemwamuru alikuwa kijana wa Kizungu asiyejua jina la kijiji chake. Wanahistoria wa ufalme waliuita utii wa kikosi cha Skinner mapenzi kwa Uingereza. Huo ulikuwa utii kwa risala, kwa asami na kwa wenzao waliokaa nao barazani.

Wala tusiwapambe. Farasi alikuwa wa askari, lakini njia aliyopita ilikuwa ya Kampuni, na baadaye ya malkia. Kikosi hiki kilikuwepo ngome ya Bharatpur, huko India, ilipoangushwa mwaka 1826, kilikwenda Afghanistan, kilikwenda Beijing mwaka 1900 kuwasaidia mabeberu waliokuwa wakiigawana China. Mtu aliyeleta farasi wake kwa hiari alikuwa anamkopesha mtawala miguu ya kufika mbali. Skinner naye, pamoja na baraza yake yote, ilibidi asubiri mpaka alipokaribia miaka 50 ndipo mfalme wa Uingereza akamtambua kikamilifu kuwa luteni kanali. Alifariki Hansi, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Delhi, mwaka 1841, na kisha mwili wake ukahamishiwa kanisani kwake Delhi.

Kilichoua silahdari kilikuwa umbali. Farasi akifia karibu na Hansi, askari anakwenda mnadani ananunua mwingine kwa pesa za mfuko. Je, akifia Ufaransa? Mwaka 1914 kimoja kati ya vikosi viwili vilivyotokana na Skinner, kile cha namba tatu, kilipelekwa huko. Vita vya mitaro havikungoja mfuko wa askari. Serikali ikalazimika kuleta farasi, matandiko, silaha, kila kitu, na mkataba wa zamani ukaisha hata kabla haujafutwa. Wakati vita vinaanza India ilikuwa na vikosi 39 vya wapanda farasi, na vyote isipokuwa vitatu vya Madras vilikuwa vya silahdari. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 silahdari ilifutwa, vikosi vikaunganishwa vikabaki 21, na vile viwili vya Skinner vikawa kimoja. Tangu hapo kila askari alikuwa bargir, na tajiri mwenye farasi wote alikuwa serikali.

Huku kwetu vita vilevile vilitoa jibu la kikatili zaidi. Farasi walioletwa na majeshi ya Kiingereza kupigana na Wajerumani katika Tanganyika ya leo waliangamizwa na mbung'o kwa maelfu. Mnyama alipoanguka, mzigo ukahamia kichwani kwa binadamu, nao wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao mpaka leo, na wanaonunua nyanya pale wengi hawajui.

Kisha ikaja siku ambayo siwezi kuiondoa kichwani. Vita vya pili vilipoanza, Risala ya Skinner ilinyang'anywa farasi na kupewa magari. Mwaka 1940 ilipelekwa Sudan pamoja na Divisheni ya Tano ya India, na mwezi Januari 1941, ikiwa chini ya Kanali Frank Messervy, ikaingia Eritrea kuwafuata Waitaliano waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Kassala, mji wa Sudan. Karibu na Keru, alfajiri ya tarehe 21, vumbi likainuka kutoka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Walikuwa wapanda farasi. Kiongozi wao alikuwa luteni wa Kiitaliano, Amedeo Guillet, na nyuma yake Waeritrea, Waethiopia na Wayemeni wenye panga, bunduki na mabomu madogo ya mkono. Walikimbiza farasi moja kwa moja kuelekea kwenye mizinga. Wapiga mizinga waligeuza midomo ya mizinga haraka, wakafyatua kwa umbali ambao uso wa mtu unaonekana. Farasi walianguka mmoja juu ya mwingine. Waliosalia waligeuka na kurudi tena.

Hebu waza waliokuwa kwenye malori ya Skinner asubuhi ile. Vijana ambao babu zao waliuza ng'ombe wapate asami, ambao walijua kumsikia farasi mgonjwa kwa pumzi yake tu, wamekaa nyuma ya injini wakitazama mambo ambayo kikosi chao kiliundwa kuyafanya yakifanywa na watu wengine, kwa bendera nyingine, na kuuawa. Waingereza huikumbuka asubuhi hiyo kwa kusema ndiyo mara ya mwisho walipokabiliwa na shambulio la wapanda farasi, na humsifu sana Guillet, aliyeishi mpaka mwaka 2010 na umri wa miaka 101. Hakika alikuwa jasiri. Lakini waliokufa nyuma yake walikuwa Waafrika na Waarabu, waliokuwa mbele yao wengi walikuwa Wahindi, na ardhi waliyoigombania haikuwa ya Roma wala ya London.

Risala iliendelea hadi Keren, iliyoanguka tarehe 27 Machi baada ya wiki nyingi za kupanda milima chini ya risasi, kisha Amba Alagi, mlima wa Ethiopia, ambako Mtawala wa Aosta, mkuu wa Waitaliano katika Afrika Mashariki, alijisalimisha mwezi Mei. Wakati huohuo askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa walikuwa wakipanda kutoka kusini, na Addis Ababa ilikuwa imekwisha kukombolewa mwezi Aprili. Makaburi ya Keren yana majina ya Kihindi mengi. Wazee wetu wa KAR walirudi na hadithi za baridi ya Ethiopia na kuhusu Wahindi waliopigana upande wa pili wa milima, na hadithi hizo nyingi tumeziacha zife nao.

Mwaka 1947 India ikagawanywa na jeshi likagawanywa nayo. Risala ya Skinner iliangukia India. Ilikuwa imewachanganya Warajput, Wajat na Waislamu wa maeneo ya Hansi, Hissar na Rohtak, watu wa vijiji jirani, kila kundi na kombania yake. Sasa kombania ya Waislamu ilipewa amri ya kwenda Pakistani. Katika miaka ya 1960 mmoja wa uzao wa Skinner alikuja kukiongoza kikosi hicho, ambacho leo kina vifaru na bado kinajivunia rangi yake ya njano.

Lakini wale waliokwenda Pakistani hawakuondoka peke yao. Vijiji vyao vilivyozunguka Hansi viliondoka pia, wazee, wanawake na watoto, kwa miguu, kwa treni na kwa mikokoteni. Ardhi ambayo vizazi vya nyuma viliitolea mazao yake kumlisha farasi wa risala ikabaki na wengine, na farasi, kama tulivyoona, alikuwa amekwisha kuondoka zamani.